Kadi ya miaka miwili inaisha, mume yuko barabarani na kodi kajaza hajaoa: kisa cha dada mmoja na fomu I-751

Kisa chenyewe kiko hivi. Dada ni Mkenya wa Mombasa, aliolewa Aprili 2022 na Mkenya mwenzake ambaye uraia wa Marekani alishaupata zamani, ndoa ikafungwa huko huko nyumbani, mume akarudi Texas akaanza kumfuatilia makaratasi, na dada akatua Marekani tarehe 14 Septemba 2023 na viza ya mke wa raia. Grini kadi, ile kadi ya ukaazi, ikamfuata kwa posta, imeandikwa CR1, inaisha 14 Septemba 2025. Mume anaendesha trela za masafa marefu, mara yuko California mara yuko Georgia, nyumbani anapita tu. Watoto bado. Ilipofika Aprili 2025 dada akaanza kuuliza watu, na swali lake lilikuwa moja, kadi yangu inakaribia kuisha, najaza fomu gani nipate nyingine?

Basi akajibiwa na kila mtu. Mmoja kamwambia jaza I-90, ndo fomu ya kurinyu, mimi mwenyewe nilijaza hiyo hiyo. Mwingine kamwambia subiri kwanza kadi iishe maana ukituma mapema wanakurudishia. Wa tatu, wifi yake, kamwambia wewe usihangaike, kaka yangu ni raia, umeshafika. Kila jibu hapo lina ukweli kidogo ndani yake, na dada akabaki amechanganyikiwa kuliko alivyoanza, ndo akaja kwangu.

Tuanze na kadi yenyewe. Bunge la Marekani mwaka 1986 lilipitisha sheria ya kubana ndoa za uongo, na toka hapo mtu akipata ukaazi kupitia ndoa ambayo siku hiyo haijatimiza miaka miwili, ukaazi wake unakuwa wa masharti. Ni ukaazi kamili, unafanya kazi, unasafiri, ila una tarehe ya mwisho. Kwenye kadi utaona CR1 kama uliingia kutoka nje au CR6 kama ulibadilishia ndani ya nchi. Ukiona IR1 au IR6 ujue ndoa ilishavuka miaka miwili na kadi yako ni ya miaka 10, na hiyo kweli ndo inajaziwa I-90 ikikaribia kuisha. Kwa hiyo yule wa kwanza hakumdanganya, alieleza ya kwake, kadi yake ilikuwa ya aina nyingine.

Kinachohesabiwa ni siku ya kuingia, hawaangalii viza ilitoka lini. Huyu dada aliingia ndoa ikiwa na miezi 17. Kuna watu wamepata viza ndoa ikiwa imebakiza wiki chache kutimiza miaka miwili, na kwa kuwa viza huwa na muda wa kutumika, wakasubiri nyumbani hizo wiki wakaingia na kadi ya miaka 10 moja kwa moja, mambo yote haya ninayoyaeleza hapa wakayaruka. Kwa dada wetu hilo halikuwezekana, miezi saba sio wiki mbili, lakini kama una ndugu yuko kwenye foleni mwambie ahesabu kabla hajakata tiketi.

Sasa mwenye kadi ya masharti harinyu kitu. Anapeleka ombi la kuondolewa masharti, fomu I-751, na ombi hilo kwa kawaida ni la watu wawili, mke na mume wanasaini wote. Ukijaza I-90 badala yake unapoteza hela na muda, na saa inaendelea kutembea. Na usipojaza chochote, siku kadi inapoisha na ukaazi unaisha kisheria, hapo unaweza kuandikiwa barua ya kwenda mbele ya jaji wa uhamiaji. Kwa hiyo lile neno la wifi la "umeshafika" ndo lilikuwa baya kuliko yote. Mume kuwa raia kunamsaidia dada kwa sahihi yake na kwa ushahidi wa maisha yao, basi.

Tarehe. Hapa nilimwambia achukue kalenda kabisa. I-751 ya pamoja inapokelewa ndani ya siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha. Ukirudi nyuma siku 90 kutoka 14 Septemba 2025 unaangukia 16 Juni 2025. Ikifika kabla ya hapo wanaweza kuirudisha, ikifika baada ya 14 Septemba unatakiwa ueleze kwa maandishi kwa nini umechelewa na sababu iwe nzito ya kueleweka, sio nilisahau. Na wanahesabu siku bahasha inapopokelewa kwao, ile ya kupeleka posta haina maana kwao. Fomu hii inakwenda kwa karatasi, na adresi ya kutuma inategemea jimbo unaloishi, kwa hiyo unaangalia kwenye tovuti ya USCIS, yaani idara ya uhamiaji inayopokea fomu hizi, siku unayotuma, usikopi kwa rafiki wa jimbo lingine.

Kwa hiyo dada alikuwa na kama miezi miwili ya kujiandaa kabla mlango haujafunguka, na kwa bahati nzuri alihitaji yote, maana tulipoanza kumwaga makaratasi mezani tukakuta mambo matatu hayajakaa sawa, kodi, nyumba, na mume mwenyewe.

Kodi ndo ilinitisha zaidi. Mume kodi ya 2023 alijaza kama mtu ambaye hajaoa. Alikuwa anatumia mtu wake wa kodi wa siku zote, yule bwana kachukua ya mwaka uliopita kabadilisha namba tu, mume kasaini akiwa parkingi ya trela bila kusoma. Ya 2024 walijaza pamoja, hiyo iko vizuri. Lakini fikiria ofisa anavyoiona, hapa una ombi linasema tumeoana toka Aprili 2022, na hapa una karatasi ambayo huyu huyu mume kaipelekea serikali hiyo hiyo, kasaini kwamba ni kweli tupu, inasema mwaka 2023 ulipoisha hakuwa na mke. Mtu aliyekuwa na ndoa tarehe 31 Desemba anajaza pamoja na mwenzake au anajaza kama mwenye ndoa lakini kivyake, kuna mazingira machache ya kipekee yanayoruhusu zaidi ya hapo na "sijaoa" haimo.

Halafu kichekesho chenyewe alijipunja. Kwa mwaka 2023 kiwango kinachoondolewa kwenye kipato kabla ya kukatwa kodi kilikuwa dola 13,850 kwa asiyeoa na dola 27,700 kwa wanaojaza pamoja, na dada miezi yake michache ya 2023 hakuwa na kipato cha maana. Akatafutwa mtu mwingine wa kodi, wakajaza 1040-X, ile fomu ya kusahihisha, ambayo unaruhusiwa ndani ya miaka mitatu toka ulipojaza ya kwanza. Kwa vile dada aliingia katikati ya mwaka kuna karatasi ya ziada wanayosaini wote wawili kukubali ahesabiwe mkaazi mwaka mzima, mtu wa kodi anayejua kazi yake anajua hilo. Mume mwishowe akapata na rifandi.

Kuna waliomshauri dada asiiguse, aambatanishe ya 2024 tu na ile ya 2023 wakae kimya. Mimi sikubaliani kabisa na ushauri huo. Ofisa akikosa kodi ya mwaka mmoja ndo kwanza anaitaka hiyo hiyo, na hata asipoitaka leo, siku ya kuomba uraia maswali ya kodi yapo palepale na unajibu kwa kiapo. Kosa lililosahihishwa kabla hujaulizwa linaeleweka, lililofichwa likagundulika linawafanya watilie shaka na vile vingine vyote vilivyokuwa vya kweli. Aliambatanisha transkripti, yaani muhtasari rasmi wa kodi, za IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, za miaka yote miwili, hizo unazitoa bure kwenye tovuti ya IRS, pamoja na kopi ya masahihisho na sentensi mbili za maelezo.

Nyumba nayo. Mkataba wa apatimenti ulikuwa na jina la mume peke yake, toka kabla dada hajaja, kila mwaka unaongezwa tu. Benki kila mtu na akaunti yake, hela ya matumizi inarushwa kwa simu. Dada akakata tamaa akasema sina ushahidi wowote, na akawa anataka mwezi huo huo akimbie benki afungue akaunti ya pamoja, aingizwe kwenye mkataba, aingizwe kwenye umeme, kila kitu kwa mpigo.

Fanya, hakuna aliyekataza, na kuingizwa kwenye mkataba alikuwa na haki nako siku zote. Ila uelewe ofisa anachotafuta. Anataka kuona toka siku ulipopata ukaazi mpaka leo mmeishi kama watu wa nyumba moja, kwa hiyo karatasi zikiwa zote zimetoka wiki mbili kabla ya kutuma zinasema kitu kingine, zinasema mmejiandaa kwa ajili yake. Akaunti ya pamoja yenye dola 100 ambayo haijaguswa haina uzito hata kidogo. Karatasi moja ya Oktoba 2023 ina nguvu kuliko kumi za Juni 2025.

Tukaanza kuchimba nyuma. Ikaja kugundulika bima ya afya ya kazini kwa mume, dada ameandikwa humo kama mke toka mwezi wa pili baada ya kufika, na kila mwaka wametumiwa barua yenye majina yote mawili na adresi ya nyumba. Hawakuwahi kuiwaza kabisa kwa vile walikuwa wanaitupa kwenye droo. Mafao ya kustaafu ya kazini, ile 401(k), mume alishamwandika dada kama mrithi. Bima ya gari ina majina mawili. Laini za simu ziko kwenye bili moja. Bahasha za hospitali za dada zina adresi ile ile. Leseni yake ya udereva, adresi ile ile. Na kwa kuwa mkataba wa nyumba ulikuwa na kasoro, menejimenti ya apatimenti ikawaandikia barua fupi kwamba dada anaishi hapo na toka lini.

Lakini iliyonifurahisha mimi ni ya trela. Dada mara mbili tatu alisafiri na mumewe ndani ya trela, na sheria ya Marekani inasema dereva wa kampuni hawezi kubeba abiria bila kibali cha maandishi cha kampuni, chenye jina la abiria, anakoanzia na anakoishia na mwisho wa kibali. Kwa hiyo ziko karatasi za kampuni, za tarehe za 2024, zinazosema fulani anasafiri na mkewe fulani kutoka mji huu mpaka ule. Hiyo huwezi kuitengeneza jana, na inajibu lile swali ambalo ofisa angeuliza lazima, mume kila siku hayupo, mnaishi pamoja vipi? Tukaweka na barua ya maelezo, ukurasa mmoja, mume anaeleza kazi yake, ratiba yake, akirudi anarudi wapi.

Picha waliweka chache, zenye tarehe na majina ya waliomo nyuma yake, za Idi, za harusi ya rafiki, za mkwe alipokuja kutembea. Watu wanapeleka picha 80 za selfi kwenye kochi moja, hazisaidii kitu. Za WhatsApp nikamwambia apunguze sana, sababu ni hii, kila kitu kilichoandikwa kwa lugha isiyo Kiingereza kinatakiwa kitafsiriwe chote na mtafsiri asaini kwamba anaijua lugha na tafsiri ni sahihi. Wao wanachati Kiswahili cha Mombasa na sauti nusu saa nusu saa, nani ataitafsiri hiyo yote? Wakachagua kurasa chache za nyakati tofauti, zile za mambo ya kawaida kabisa, umelipa kodi ya nyumba? mlango wa bafu fundi kaja? Halafu barua za mashahidi wawili wanaowajua toka dada alipofika, mmoja imamu wa msikiti wao na mwingine jirani wa ghorofa ya chini, kila mmoja kaandika jina lake, adresi, kazaliwa lini na wapi, anawajua vipi, na nini amekiona kwa macho yake. Barua ya "nawafahamu ni watu wema" peke yake ni ya bure.

Sasa mume. Mwezi wa tano wakagombana, ugomvi wa hela ya kutuma Mombasa, mama yake dada anatakiwa kufanyiwa upasuaji, na katikati ya maneno mume akatamka lile neno ambalo wanaume wengi wa kisa hiki hulitamka, nisiposaini unarudi kwenu. Dada akapoa. Akanyamaza siku kadhaa, akawa anaogopa hata kumwomba mafuta ya gari.

Hapa inabidi tusimame kidogo maana ndo sehemu watu wanaumia kwa kutokujua. Mume hana uwezo wa kufuta kadi ya mkewe. Ile karatasi aliyosaini ya kumdhamini, I-864, hawezi kuichukua tena baada ya mke kushaingia kama mkaazi, na udhamini ule hata talaka hauumalizi, unakwisha mke akipata uraia, akifikisha robo mwaka 40 za kazi zinazohesabiwa, akiondoka nchini moja kwa moja na kuacha ukaazi, au mmoja wao akifa. Kitu alichonacho mume mkononi ni kimoja tu, sahihi kwenye ombi la pamoja. Na sheria ilishawaza kuna siku sahihi hiyo itakosekana, ikaweka milango mingine ambayo mke anaomba peke yake, watu wanaiita weva.

Weva ziko za namna nne. Mume amefariki. Au ndoa ilikuwa ya kweli lakini imevunjika kwa talaka. Au ndoa ilikuwa ya kweli na mume amempiga au kumfanyia ukatili mkubwa, na ukatili hapo sio ngumi peke yake, vitisho na kumfungia mtu na kumbana kwa kila namna vinaweza kuingia. Au kurudishwa kwao kutamletea taabu iliyopitiliza kutokana na mambo yaliyotokea ndani ya ile miaka miwili. Hizi hazisubiri dirisha la siku 90, unaweza kupeleka wakati wowote baada ya kupata ukaazi wa masharti ili mradi hujatolewa nchini. Ya talaka inataka talaka iwe imeshatoka, kutengana vyumba haitoshi, na Texas kwa kawaida jaji hatoi talaka mpaka zipite siku 60 toka kesi ifunguliwe, na mkigombania vitu inakwenda mbali zaidi. Ya ukatili haihitaji talaka wala haihitaji umehama nyumba, na taarifa zako wanatakiwa wazifungie, hawaruhusiwi kumpa mume, wala kukuamulia vibaya kwa maneno ya mnyanyasaji peke yake. Mtu akiwa hatarini ile simu ya kitaifa ya ukatili wa majumbani ni 1-800-799-7233, wana wakalimani.

Kwa dada yetu nilimwuliza maswali ya wazi. Amekupiga? Hapana. Anakuficha pasipoti, anakuzuia kutoka? Hapana. Amewahi kusema hivyo kabla? Mara ya kwanza. Bado mnataka kuishi pamoja? Akasema ndio, tatizo lake mdomo. Sawa, basi njia ni ombi la pamoja, ila pasipoti na kadi na kopi za kila kitu zikae kwake, na awe anajua kabisa kwamba mlango wa pili upo, kwa sababu mtu anayejua mlango wa pili upo haongei na mumewe kama anayeomba roho. Wakaongea, mjomba wa mume akaingilia, yakaisha. Mjomba alimwambia maneno makali kuliko ambayo ningeweza mimi, kwamba mke wa mtu hashikiwi karatasi. Na kama wangesaini pamoja halafu ndoa ikavunjika ombi likiwa bado liko ofisini, dada angeweza kupeleka hati ya talaka na kuomba ligeuzwe liwe la peke yake, haanzi moja.

Sahihi yenyewe ikawa na kimbembe chake maana tarehe 12 Juni mume yuko Arizona na mzigo. Wifi, yule yule, akasema we msainie tu nani atajua. Usithubutu. USCIS wanapokea sahihi ya wino iliyoskaniwa, kwa hiyo mume kaprinti ukurasa wake kwenye kituo cha trela, kasaini kwa kalamu, kapiga skani, katuma kwa imeili, na ule wa wino kauhifadhi maana wanaweza kuutaka. Ada ni dola 750 toka tarehe 1 Aprili 2024, na alama za vidole zimo humo humo. Wao walilipa kwa hundi ya posta kwa vile wakati ule ilikuwa inaruhusiwa, toka 28 Oktoba 2025 hundi za karatasi hazichukuliwi tena, unajaza G-1450 kwa kadi au G-1650 wavute kwenye akaunti ya benki. Bahasha ikafika Ijumaa tarehe 20 Juni.

Swali la mama ndo lilibaki, na hili liliniumiza kichwa kuliko fomu. Upasuaji umepangwa mwisho wa Julai, dada anataka kukaa Mombasa miezi miwili, yaani kadi itaishia mkononi mwake akiwa huko. Kinachomrudisha ni barua ya risiti, I-797, ambayo toka Januari 2023 inaongeza muda wa kadi kwa miezi 48 ukiibeba pamoja na kadi yenyewe iliyoisha. Yake inamfikisha 14 Septemba 2029. Lakini barua inakuja kwa posta, Texas, kwenye nyumba ambayo mume hayupo, na shirika la ndege likiona kadi imeisha na barua hamna linaweza kukuacha hapo hapo kaunta, uanze kuhangaika na ubalozi kwa wiki na hela nyingine. Kwa hiyo msimamo wangu ulikuwa haondoki mpaka barua ameishika, na ikichelewa aende lakini arudi kabla ya 14 Septemba kadi ikiwa hai. Kutumiwa kopi kwa WhatsApp nilikataa. Barua ikaja mwanzoni mwa Julai, akaenda, akarudi mwisho wa Septemba, kaunta walimwita msimamizi, wakaisoma barua, wakampa bodingi pasi. Angekuwa amekaa zaidi ya miezi sita ingekuwa kesi tofauti, hapo wanaanza kukuuliza unaishi wapi hasa, na hesabu ya uraia inaweza kukatika.

Kazini nako walimsumbua kidogo, HR, yaani ofisi ya wafanyakazi, wakataka kadi mpya kwa vile ya zamani imeisha. Mwajiri hatakiwi kumkagua upya mtu aliyeajiriwa kwa grini kadi eti kwa sababu kadi imeisha tarehe, na hiyo inawahusu hata wa masharti. Aliwaonyesha kadi na barua, yakaisha, japo kisheria hata hilo hakudaiwa.

Toka hapo ni kusubiri, na miaka miwili na zaidi sio ajabu siku hizi. Katikati inaweza kuja barua ya kutaka ushahidi zaidi, RFE, ina tarehe ya mwisho na hawaongezi, au wakaitwa intavyuu, au isiitwe kabisa na kadi ya miaka 10 ikaingia kwenye boksi la barua. Kwa hiyo ile droo ya bima sasa imepewa faili, kila mwaka wanaongeza kodi mpya na mkataba mpya, wote wawili wamo. Wakihama dada anatoa taarifa ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11, watu wanadhani kubadilisha posta inatosha, haitoshi, barua ya intavyuu ikipotea ni wewe umekosa kufika.

Na hana haja ya kusubiri I-751 ijibiwe ndo awaze uraia. Mke anayeishi na mume raia anaruhusiwa kuomba baada ya miaka mitatu ya ukaazi, na ombi linapokelewa siku 90 kabla, kwa hesabu yake ni kuanzia 16 Juni 2026. Fomu ni N-400, dola 710 kwa intaneti au 760 kwa karatasi, awe amekuwepo nchini kimwili miezi 18 ndani ya hiyo mitatu, safari ya Mombasa haijamdhuru. Uraia hautolewi masharti yakiwa hayajaondolewa, kwa hiyo mara nyingi faili mbili zinakutanishwa zinaamuliwa kwenye intavyuu moja, na siku hiyo mume anatakiwa awepo pale kwenye kiti. Dada ameshamwambia aombe ruhusa mapema kazini, maana mzigo wa Georgia hauna cha intavyuu.